Kutoka Tanga hadi Maswa, kufuata kiu ya mbung'o

Jumatatu, Tanga

Saa saba mchana, kivulini, Majani Mapana: nyuzi joto 30, unyevu wa hewa asilimia 75. Nimeviandika vipimo hivi viwili bega kwa bega kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na ndivyo nitakavyoviandika njia nzima mpaka Maswa, kwa sababu kimoja bila kingine hakisemi kitu kuhusu mdudu ninayemfuata.

Mdudu mwenyewe ni mbung'o, ambaye sisi wa bara wengi tunamwita ndorobo. Jike na dume wote wanaishi kwa damu tu. Hawatafuti kidimbwi wala umande. Maji yanayoingia mwilini mwao yanatoka kwa ng'ombe, nyati, ngiri au mtu, na kati ya mlo na mlo zinapita siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Siku zote hizo hewa inawanyonya. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na nimetibu ng'ombe wengi wa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, lakini kuna swali ambalo wafugaji huniuliza na huwa nalijibu nusunusu: kwa nini ndorobo wamejaa kwenye kichaka hiki, na ukivuka mbuga ile pale hukutani na hata mmoja, ilhali ng'ombe ni walewale? Nimechukua likizo nilifuate swali hilo kutoka pwani yenye unyevu hadi nchi kavu.

Nimeanzia Tanga kwa sababu hapa ndipo walipolelewa mbung'o waliokomesha mbung'o wa Unguja. Kisiwa kile kilikuwa na aina moja tu, Glossina austeni, mbung'o mdogo wa vichaka vya pwani na msitu wa Jozani. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 madume mamilioni yalizalishwa huku Tanga, yakahasishwa kwa mionzi ya gama, yakapelekwa Unguja na kumwagwa kwa ndege. Jike wa mwituni akipandwa na dume tasa hapati mtoto. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996.

Mchana nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye vyumba vya kulelea, sasa amestaafu. Nilimwamkia, akaniitikia "marahaba mwanangu", kisha kabla sijafungua daftari akaanza na habari ya hewa. Vyumba vilishikiliwa kwenye nyuzi 24 hivi, unyevu kati ya asilimia 75 na 80, usiku na mchana. Mbung'o walinyonyeshwa damu ya ng'ombe iliyopashwa moto chini ya utando wa silikoni, uliochukua nafasi ya ngozi ya mnyama.

"Umeme ukikatika," akaniambia, "mgeni angekimbilia taa. Sisi tulikuwa tunakimbilia vipimo vya ukutani. Chumba kikikauka usiku mmoja, unalipa mwezi mzima baadaye, kwenye pupa."

Nikamuuliza kwa nini mwezi mzima. Akanieleza jambo ambalo nililisoma chuoni lakini sikuwahi kulisikia likitoka kwa mtu aliyeliishi. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha kwa maziwa yake ya ndani, na kila baada ya siku tisa au kumi anazaa buu aliyekwisha kukua, mzito karibu sawa na mama. Buu huyo hali tena. Anajichimbia ardhini, ngozi yake inakuwa gamba jeusi gumu, ndiyo pupa, na humo ndani anajigeuza kuwa mbung'o kwa mwezi mmoja hivi. Maji aliyozaliwa nayo ndiyo hayohayo mpaka atakapotoka na kupata damu yake ya kwanza.

Wataalamu wa Tanga walilitumia hata joto kwa faida yao. Majike hutoka kwenye pupa siku moja au mbili kabla ya madume. Ukilishika joto sawasawa, majike wanatoka kwanza unawarudisha kwenye kundi la kuzalisha, na pupa zilizobaki ni za madume wa kupelekwa kwenye mionzi. Nimependa sana hesabu hiyo.

Jumanne, Mombo na Same

Tumeondoka alfajiri, mimi na dereva ambaye tumefanya kazi pamoja tangu nikiwa afisa wa kata. Muheza machungwa, Segera, Korogwe mkonge. Mombo tumesimama kunywa chai, na kule juu Usambara imevaa ukungu.

Sikupanda Lushoto, lakini siwezi kupita chini yake bila kuandika habari za viroboto. Wilaya ile iliteswa na tauni kuanzia 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na kiroboto wa panya ni mdudu mwingine anayebanwa na hewa kavu. Mabuu yake hayana macho wala miguu, yanaishi kwenye vumbi la sakafu na kwenye mashimo ya panya, na vumbi likikauka mno yanakufa. Mabuu ya viroboto wa aina fulani, yanapokaribia kuwa pupa, yana uwezo wa kuvuta mvuke kutoka hewani na kuufanya maji ya mwili, ilimradi hewa isiwe kavu kupita kiasi. Mbung'o hana kipaji hicho. Mwaka 1917 nchini India mtafiti aliyeitwa Brooks alionyesha kwamba tauni ilikuwa inapungua kila hewa ilipopata joto na ukavu kwa pamoja kupita kiwango fulani. Hakutazama kipimajoto peke yake. Alipima kitu ambacho nitakiita upungufu wa mvuke.

Hicho ndicho nilichokuja kukielewa vizuri Same, saa nane mchana, nikiwa nimekaa chini ya mwarobaini wa kituo cha mafuta. Kipimo: nyuzi 32, unyevu asilimia 38. Milima ya Pare imezuia mvua, upepo unapiga kama umetoka jikoni.

Ukisikia "unyevu asilimia 50" hujaambiwa hewa ina kiu kiasi gani. Hewa ya joto ina nafasi kubwa ya kubeba mvuke kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 20, hewa iliyojaa mvuke kabisa ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 2.3 hivi, kwenye nyuzi 35 ni 5.6. Kwa hiyo asilimia 50 kwenye nyuzi 20 inaacha pengo la kilopaskali 1.2, na asilimia 50 ileile kwenye nyuzi 35 inaacha pengo la 2.8. Pengo hilo ndilo linalovuta maji kutoka kwa mdudu. Nimepiga hesabu ya Tanga jana: 1.1 hivi. Same leo: karibu 3. Joto limepanda nyuzi mbili tu, kiu ya hewa imekaribia mara tatu.

Dereva ameuliza swali zuri: sisi watu tunatoka jasho tunapoa, mbung'o je? Mbung'o hamudu jasho. Ng'ombe wa kilo 300 ana maji tele ndani na ngozi ndogo kwa kulinganisha na tumbo lake. Mbung'o ana uzito wa miligramu 20 au 30, na kwa kila miligramu ana ngozi nyingi inayokutana na hewa. Udogo ndio unaomponza.

Jumatano, Magugu

Moshi na Arusha tumezipita bila kusimama, isipokuwa mafuta. Baada ya Makuyuni nchi inafunguka, na tulipoiacha lami kuingia njia ya vumbi upande wa Tarangire, wakatupokea. Mbung'o huona gari linalotembea akadhani ni mnyama, na gari letu ni la rangi ya bluu iliyokolea, rangi inayowavuta kuliko nyingi. Walikuwa wanagonga vioo kama changarawe.

Mmoja aliingia akamuuma dereva mgongoni kupitia shati. Hatukumuua upesi. Alishiba, akaruka kwa shida, akatua kwenye kioo cha mbele, na hapo nikaona kitu ambacho kila anayeandika kuhusu maji ya mbung'o anapaswa kukiona kwa macho yake: alianza kutoa matone maangavu kwa nyuma, tone baada ya tone, haraka. Mdudu ninayesema anaogopa kukauka alikuwa anamwaga maji.

Sababu yake ni uzito. Mbung'o mwenye njaa hunywa damu inayokaribia au kuzidi uzito wake mwenyewe. Akibaki na mzigo huo hawezi kuruka vizuri, na aliyetoka kumnyonya ana mkia, ulimi na kwato. Kwa hiyo ndani ya nusu saa hivi anachuja sehemu kubwa ya maji ya damu na kuyatupa, anabakiza chakula. Baada ya hapo mlango unafungwa. Kuanzia saa ile mpaka mlo ujao, kila tone linahesabiwa.

Anavyohesabu, kwa ufupi: juu ya ngozi yake ngumu kuna tabaka jembamba la nta linalozuia maji. Pembeni mwa mwili kuna vitundu vya kupumulia vyenye vizibo, na hewa ikikauka anavifungua kidogo tu, kwa kadiri pumzi inavyodai. Uchafu wa nitrojeni, ambao kwa mla damu ni mwingi kwa sababu damu ni protini tupu, anautoa kama chembechembe za asidi ya uriki, ambazo hazihitaji maji mengi kuzitoa. Hata kinyesi chake kinakuwa kikavu zaidi hewa inapokuwa kavu.

Akiruka hesabu inabadilika. Misuli ya kurukia inadai hewa nyingi, vizibo vinafunguka, na maji yanatoka. Kwa sababu hiyo hamkuti akizurura mchana kutwa. Anatoka kwa dakika chache, anarudi kukaa kwenye shina la mti upande wa kivuli. Saa saba mchana, joto la Magugu lilipopita nyuzi 32, mashambulizi yalipungua mpaka yakakoma. Vichaka vilikuwa vilevile, gari ni lilelile. Tukala viazi kwa amani. Saa kumi na moja wakarudi.

Niandike pia, kwa sababu ni afya ya watu: mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walipata malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Ukiumwa na mbung'o kisha ukapata homa au kidonda mahali ulipoumwa, mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na mbung'o. Wengi hutibiwa malaria wiki nzima.

Alhamisi, njiani

Babati, Katesh chini ya Hanang, Singida, Sekenke, mbuga ya Wembere, Igunga, Nzega. Siku ya kiti tu. Wembere saa tisa: nyuzi 34, asilimia 24. Hakuna kivuli hata cha mbuzi, na hakuna ndorobo. Tumeingia Shinyanga usiku.

Ijumaa, Shinyanga ya zamani

Hapa ndipo mahali nilipopataka kuliko pote. Nje kidogo ya mji wa sasa, kwenye mji wa kale wa Shinyanga, ndipo utafiti wa mbung'o wa Tanganyika ulipokita mizizi. Charles Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, alianzisha kazi hiyo katika miaka ya 1920 na kuongoza idara ya utafiti wa mbung'o kuanzia 1929 hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o wa nchi hii kavu, Glossina swynnertoni, anabeba jina lake. Duniani kote anapatikana kaskazini mwa Tanzania na kipande cha kusini magharibi mwa Kenya tu. Mwenzake C. H. N. Jackson alikuwa anawapaka mbung'o vidoa vya rangi mgongoni, anawaachia, kisha anawakamata tena ili ajue wanaishi muda gani na wanakwenda umbali gani. Na katika miaka ya 1950 akaja mtafiti E. Bursell, ambaye alijifungia na pupa na mizani nyeti.

Sina budi kukaa kwa Bursell kidogo, maana jibu la wafugaji wangu liko kwake. Alipima pupa za aina mbalimbali za mbung'o ili aone zinapoteza maji kiasi gani kwenye hewa ya ukavu tofauti. Alikuta mambo mawili yaliyonikaa kichwani. La kwanza, upotevu hauko sawa mwezi mzima. Siku za mwanzo, kabla pupa haijajitengenezea ngozi yake ya pili ndani ya gamba, maji yanavuja kwa kasi. Kisha kinakuja kipindi kirefu cha utulivu, tabaka mbili zikilinda. Siku za mwisho, mbung'o mzima akiwa tayari ndani, uvujaji unapanda tena. La pili, kila aina imejengwa kwa nchi yake. Pupa za Glossina brevipalpis, mbung'o mkubwa wa misitu minene, zinapoteza maji upesi na haziwezi hewa ya hapa. Pupa za mbung'o wa nyika zinabana maji vizuri zaidi, na bingwa wao ni Glossina longipennis wa nchi kavu za kaskazini mwa Kenya na Somalia.

Kwa hiyo mpaka wa mbung'o umechorwa chini ya udongo kabla haujachorwa hewani. Mzazi anaweza kuruka akatafuta kivuli kingine. Pupa imewekwa ilipowekwa.

Joto nalo linaingia kwa mlango wake. Kwenye nyuzi 30 pupa inamaliza kazi kwa siku 20 hivi. Kwenye nyuzi 20 inachukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Mtu angesema basi joto ni zuri, pupa inatoka kabla haijakauka. Lakini joto hilo hilo linachoma mafuta yake, na ikipita nyuzi 32 kwa siku nyingi, nyingi zinakufa humo humo. Chini ya nyuzi 16 nako zinakufa, zinamaliza akiba kabla ya kumaliza kujiumba. Mbung'o ana ukanda mwembamba wa kuishi, na anashikilia ukanda huo kwa kuchagua mahali pa kuzalia.

Adhuhuri nilifanya jaribio langu. Mahali pa wazi, juani, kipima kiliwekwa kivulini mwa kitambaa: nyuzi 33, unyevu asilimia 30. Pengo la mvuke: kilopaskali 3.5. Kisha nikakisukuma kipima chini ya gogo kubwa lililoanguka kwenye kichaka, nikafunika kwa majani na kusubiri. Nyuzi 27, asilimia 70. Pengo: 1.1. Nililitazama daftari mara mbili. Pengo la chini ya gogo la Shinyanga katikati ya kiangazi ndilo lile la Tanga siku ya Jumatatu.

Kiangazi majike wanazalia mahali kama hapa: chini ya magogo, kwenye nyufa za miamba, kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Mvua zikija wanatawanyika, wanazalia popote penye majani, kwa sababu udongo wote umekuwa mwema.

Jumamosi, vijiji vya Shinyanga

"Mwangaluka!" Tumepokelewa na bibi mwenye nyumba akiwa na sufuria ya michembe iliyochemshwa na karanga. Nikamuuliza wanavyokausha, akanitazama kama mtoto wa mjini. Viazi vilivyokatwa vipande vyembamba vinakauka haraka, vinene vinaoza katikati. Na jua peke yake halitoshi. Siku ya mawingu yenye upepo mkavu ni bora kuliko siku ya jua yenye unyevu. Fizikia yote ya juzi, Same, bibi ameimaliza kwa sentensi tatu, na vipande vyake vyembamba ndivyo mbung'o wangu.

Mume wake, babu wa umri mkubwa sana, alisimulia walivyosikia kwa baba zao habari za kufyeka. Kuanzia miaka ya 1920 watu wa Usukuma waliitwa kwa makundi makubwa, na machifu wao, kufyeka vichaka na kuchoma moto mwishoni mwa kiangazi nyasi zikiwa kavu kabisa. Nia ilikuwa kuondoa ndorobo, na ilifanikiwa. Nchi ikafunguka, ng'ombe wakaingia, watu wakafuata.

Mimi nikiwa mtu wa mifugo siwezi kuisimanga kazi ile. Watu walikuwa wanakufa kwa malale na mifugo ilikuwa inaisha. Na kwa kiwango cha maji ya mdudu ilikuwa sahihi: ondoa kivuli na gogo, na hewa yenyewe itamaliza kazi bila sumu. Lakini kivuli kilichomlinda mbung'o kilikuwa kinalinda pia udongo, chemchemi na kuni. Kwa kufyeka huko, na baadaye kwa mashamba ya pamba na tumbaku, kuni na wingi wa mifugo, Shinyanga ilikauka mpaka ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ulichofufua ni desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiuma. Leo ukipita unaona miti imerudi, migunga hasa, kwenye maelfu ya ngitili za kaya na za vijiji.

Babu akaniuliza alilotaka kuuliza tangu tulipokaa: "Dokta, miti ikirudi, ndorobo nao?"

Nilimjibu ninavyoamini. Kivuli pekee hakimleti ndorobo. Anahitaji kivuli, udongo wa kuzalia usiokauka, na damu ya kutosha kila siku chache. Ngitili nyingi ni vipande vidogo vyenye upepo unaopita, wanyamapori wakubwa hawapo, na ng'ombe wanaoingia humo wakiogeshwa kwa dawa za piretroidi wanakuwa mtego unaotembea. Hofu yangu iko kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako nyati na ngiri wanavuka usiku. Huko ngitili nene karibu na mto inahitaji kuangaliwa kila kiangazi. Babu aliitikia kwa kichwa, akasema wao wa huku basi waendelee kufunga ngitili. Nikasema ndiyo, bila kusita.

Jumapili, mpakani mwa pori la Maswa

Mwigumbi, Maswa, kisha barabara ya vumbi kuelekea mashariki. Tumelala kijiji cha mwisho kabla ya pori la akiba. Jioni nimekaa na vijana wa idara ya mifugo wa hapa, na mjadala ulikuwa mkali wa kutosha hata nikasahau chakula.

Mmoja wao anasema sisi tunaosisitiza unyevu tumepitwa na wakati: anayemuua mbung'o mzima wakati wa joto ni njaa, kwa sababu joto linamchomea mafuta haraka, na damu ina maji ya kumtosha. Ana hoja. Watafiti wa bonde la Zambezi wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka, na pale kituo cha Rekomitjie, Zimbabwe, matokeo yake yameonekana wazi. Tangu 1975 joto la wastani la Novemba, mwezi wenye joto kuliko yote, limepanda kwa nyuzi 2 hivi. Mwaka 1990 walikuwa wanakamata mbung'o zaidi ya 50 kwa mnyama mmoja katika kipindi kimoja cha kukamata. Kufikia 2017 walikuwa chini ya mmoja kwa vipindi 10.

Lakini mimi sioni kama maji na njaa ni kesi mbili. Mafuta yakichomwa mwilini yanatoa maji: gramu moja ya mafuta inatoa kidogo zaidi ya gramu moja ya maji. Mbung'o anayekauka anaishi kwa akiba ileile inayomwezesha kuruka kwenda kutafuta damu. Hewa ikiwa kavu na ya moto anamaliza akiba upesi, anatoka kutafuta mlo mapema, akitoka anafungua vizibo, akivifungua anakauka zaidi. Aliyetoka kwenye pupa leo ndiye yuko hatarini kuliko wote, maana ana mafuta kidogo sana na siku chache tu za kupata damu ya kwanza. Kama pupa yake ilipoteza maji mengi ardhini, amezaliwa na deni. Kijana hakukubali yote. Tukakubaliana juu ya pupa.

Jumatatu, Mto Simiyu

Alfajiri tumekwenda kwenye kijito kinachoingia Mto Simiyu, nje ya mpaka wa pori. Maji yamekatika, yamebaki madimbwi, lakini kingo zina vichaka vizito. Saa mbili asubuhi: nyuzi 24 kichakani, asilimia 61. Hatua mia moja nje, kwenye nyika: nyuzi 26, asilimia 45, na jua ndio kwanza linapanda.

Mitego iliyotegwa siku iliyotangulia ilisema wazi. Ile ya kichakani ilikuwa na mbung'o, G. swynnertoni na wachache wa aina nyingine, G. pallidipes. Ile ya nyika ilikuwa na nzi wa kawaida tu. Chini ya gogo la mtoni tulichekecha udongo kwa chekecheke na kupata pupa, nyeusi, fupi kuliko punje ya mchele, kila moja ikiwa na vinundu viwili nyuma. Kadhaa zilikuwa maganda matupu yaliyopasuliwa vizuri kwa mbele, wenyewe wametoka. Moja ilikuwa nyepesi mno, na tulipoifungua mdudu alikuwa amekamilika, mabawa yamekunjwa, amekauka kabla ya kutoka. Hiyo ilikuwa kwenye ukingo wa juu wa gogo, ambako jua la saa tisa linafika.

Kwa hiyo tumebadilisha mpango wa wiki. Vijana walikuwa na vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyopakwa dawa, tayari kutundikwa kwa mstari ulionyooka nyikani kutoka kijijini hadi porini. Tumevihamishia kingo za kijito, kimoja kila mahali kichaka kinapokutana na njia ya ng'ombe, kwa umbo la mto wenyewe. Mwezi huu na ujao, mpaka mvua zianze, mbung'o wa eneo lote hili wamebanwa hapa na hewa. Mvua ikinyesha watatawanyika, na vitambaa vilevile vitahitajika mara kadhaa zaidi kwa matokeo madogo.

Wafugaji nao wamekubali kuogesha kwanza ng'ombe wanaokunywa kwenye madimbwi haya, kabla ya wale wa juu. Mchana tumemaliza kutundika. Nimewaachia vijana kipimaunyevu changu cha pili, wapime chini ya magogo mara mbili kwa wiki hadi Desemba, na waandike joto na unyevu kwenye mstari mmoja.